Filamu Niliyoisuuza kwa Maji ya Ziwa

Nilimaliza chuo kikuu miezi mitano iliyopita na bado nangoja barua ya kupangiwa kazi. Nimekaa Dar es Salaam kwa mjomba. Kila asubuhi naamka na kuanza kufikiri: labda barua imekwenda kwa mwingine, labda karani ameiweka chini ya faili lisilohusika, labda niende ofisini kuuliza, au labda nikienda kuuliza wataniona msumbufu. Mjomba ananiambia nikae nitulie. Nikikaa nikatulia, nakumbuka, na katika kukumbuka narudi mahali pamoja tu: Singida, kwenye studio ya picha nilikofanya kazi kabla ya chuo, wakati tulipotakiwa kufanya kazi kwanza ndipo tuombe nafasi ya kusoma.

Wenzangu niliotoka nao jeshini baada ya kidato cha sita walipata ualimu na ukarani. Mimi nilipata kamera. Sikuiomba. Mwenye studio alikuwa anatafuta mtu anayeweza kusoma maandishi ya Kiingereza kwenye makopo ya dawa za kusafishia picha, na mama yangu, aliyekuwa akimuuzia karanga, akamwambia anaye mtu wa namna hiyo nyumbani na hana kazi. Baada ya miezi sita nilikuwa napiga, nasafisha na kuchapa picha mwenyewe, na kadi yangu ya kazi iliandikwa: mpiga picha. Niliisoma mara nyingi nikijiuliza kama ni kweli.

Studio ilikuwa chumba cha mbele kilichotazama barabara ya sokoni, na nyuma yake chumba kidogo cha giza. Ukutani lilitundikwa pazia lililochorwa na fundi wa mabango: upande mmoja ndege iko angani, upande mwingine maua makubwa mekundu ambayo kwenye picha yalitoka meusi. Kwenye msumari lilining'inia koti moja la kijivu na tai moja, vya kuazimisha wateja. Koti lile limevaliwa na nusu ya mkoa. Palikuwa pia na saa ya mkononi iliyokufa zamani, na kila kijana aliyekuja kupiga picha aliivaa akakunja mkono kifuani ili ionekane. Mimi ikaanza kunisumbua. Nikawaza, miaka hamsini ijayo wajukuu wa watu hawa wakikutanisha picha zao, wataona Singida nzima ilipiga picha saa tisa na dakika kumi. Basi nikawa nasogeza mishale kwa kila mteja, huyu saa nne, huyu saa sita na robo. Mwenye studio alipogundua ninachofanya alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa mzee wa Kilimatinde, aliyejifunzia kamera kwa wamisionari enzi za ujana wake. Aliniita "msomi," na hakulitamka neno hilo kwa heshima sana. Hakupiga picha ya mtu kabla hawajasalimiana mpaka mwisho: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nilimuuliza kwa nini, maana foleni ilikuwa nje.

"Mtu usiyemsalimia atakutazama kama anayemtazama mtoza kodi," alisema. "Na wewe utaupiga huo uso."

Wateja wetu hawakucheka kwenye picha. Walisimama wima, mikono imenyooka, na walitaka kuonekana wote. Siku moja nilimpiga mfugaji mmoja kutoka upande wa Ulemo kuanzia kiunoni kwenda juu, kama nilivyoona kwenye kitabu. Alipokuja kuichukua aliigeuza, akaitazama na nyuma.

"Miguu yangu umeipeleka wapi?"

"Mzee, hii ni namna ya kisasa, uso unaonekana vizuri zaidi."

"Mimi nilikuja hapa kwa miguu. Irudishe."

Nikampiga tena, bure, mpaka kwenye kandambili.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka kwa furaha. Lakini kila nikiyakumbuka huwa nafika kwa mama mmoja wa Mungaa, na nikifika kwake siwezi kupita haraka.

Alikuja msimu ule watu walipokuwa wanahamia kwenye vijiji vipya. Mzee wangu wa studio alikuwa amesafiri kwenda Manyoni na Itigi kupiga picha za shule, na studio nimeachiwa mimi. Mama yule alikuwa mtu mzima sana, amejifunga khanga mbili, na kitambaa cheupe kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi la wateja akaanza kuitazama ndege iliyochorwa.

"Sitaki hii," alisema. "Nataka uje nyumbani kwangu upige nyumba."

"Wewe na nyumba, mama?"

"Mimi, nyumba, na kaburi la mume wangu. Liko pembeni ya zizi."

Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyaturu. Mwanawe mkubwa alikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga miaka mingi iliyopita, wakati huo wao wakiishi sehemu nyingine, bondeni. Baba yake alihamia juu akajenga nyumba kubwa ya tembe, na ndani yake akatenga chumba cha huyo mwana, kwamba akirudi asikose pa kulala. Hakurudi. Baba akafa, akazikwa pale pale. Barua ya msiba ilifika Tanga watu wameshamaliza matanga. Mwana akaandika kuomba msamaha, akauliza: baba mmemlaza wapi?

"Na mimi nitamjibuje? Hapajui. Hajapaona hata siku moja," alisema. "Wiki hii tunahama. Nyumba inavunjwa, nguzo tunakwenda nazo. Pale litakuwa shamba la kijiji, trekta litapita. Mimi nina umri huu, nani ajuaye nitakuwepo akija? Na hawa wadogo wataota mahali lilipo kaburi?"

Nilimwambia nitakuja. Alipotoka nikabaki nafikiri kama nimemuahidi kitu kikubwa kuliko mimi.

Nilipanda lori la mazao nikafika Mungaa siku mbili baadaye. Nyumba ilikuwa nzuri, ndefu, paa lake la udongo limeota majani machache. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa kivulini na shoka magotini, anangoja. Siku hiyo hiyo ndiyo waliyopangiwa kubomoa. Nikaanza kupima. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo mlango ulikuwa gizani. Nikizungukia upande wa pili, zizi linaziba kaburi. Nikirudi nyuma ili vyote viingie, uso wa mama unakuwa mdogo kama punje ya mtama. Nikapiga moja. Nikapiga nyingine. Nikahama.

"Mpiga picha," shemeji aliita, "unapiga nyumba au unaiposa?"

"Samahani mzee, nataka itoke vizuri."

"Itoke tu. Sisi tunataka nguzo."

"Mwache afanye kazi yake," mama alisema bila kugeuza uso kutoka kwenye kamera. "Wewe ulijenga hata ukuta mmoja hapa?"

Nilimaliza filamu nzima, picha kumi na mbili, zote za nyumba ile na mama yule na mawe ya kaburi lile. Nilipokuwa nafunga mkoba nilisikia shoka la kwanza kwenye paa. Udongo ukamwagika ndani ya nyumba kwa kishindo, vumbi likatoka mlangoni kama moshi. Mama alisimama akatazama mpaka nguzo ya kwanza ilipotolewa, ndipo akaenda kuwapa wabebaji maji ya kunywa.

Njiani nilikuwa naupapasa mkoba kila baada ya muda. Nilijua kwamba nyumba ile sasa iko ndani ya kile kijiti cha filamu, na haiko mahali pengine popote.

Asiyejua kazi hii nimueleze kidogo. Filamu huingizwa kwenye dawa inayotokeza picha, kisha kwenye dawa ya pili inayoikaza, halafu husuuzwa kwa maji mengi sana. Dawa ya pili ikibaki, baada ya miaka picha huwa ya manjano na kufutika. Mimi niliiogopa sana hiyo manjano. Picha za watu wengine nilizisuuza nusu saa. Hii nilisema itasuuzwa saa nzima, kwa maji yasiyohesabiwa, kwa sababu huyo mwana anaweza kuja baada ya miaka kumi, na picha lazima imngoje.

Lakini kiangazi kilikuwa kimebana, bomba lilikuwa limekauka, na kwenye pipa letu maji yalibaki chini kabisa. Mtu wa kawaida angengoja siku mbili mkokoteni wa maji upite. Mimi nilifikiri: nikingoja, filamu itakaa na joto hili, joto litaiharibu. Nikafungua kitabu cha Kiingereza cha upigaji picha, mali ya mzee, nikakuta maneno yanayosema kwamba melini, pasipo na maji yasiyo na chumvi, filamu huweza kusuuzwa kwa maji ya bahari, na kwamba chumvi huondoa dawa upesi kuliko maji matupu.

Kutoka studio mpaka ziwani Singidani ni mwendo wa dakika chache. Maji yake yana chumvi, kila mtu anajua. Nikaona nimepewa jibu. Hata hivyo sikukurupuka. Nilichukua kipande cha filamu mbovu nikakitia kwenye maji ya ziwa dakika mbili, nikakitoa, nikakitazama kwenye mwanga: kizima. Nikarudi ziwani na ndoo mbili. Ziliposhinda juani nje ya mlango maji yalikuwa yamepata uvuguvugu, na hilo nalo nililiona ni jema. Nikasafisha filamu, nikaikaza, nikaitazama haraka: nyumba ipo, mama yupo, mawe yapo, mpaka majani ya paa yanahesabika. Sijapata kufurahi hivyo. Nikaitia ndooni, nikaweka saa, nikaenda kumhudumia mteja.

Baada ya saa moja niliingiza mkono. Nilishika kitu kinachoteleza. Nilipoinua, filamu ilikuja imejikunja, na zile picha zilikuwa zinaachana nayo, zinashuka kama utelezi, nyumba kumi na mbili zinamwagika ndani ya ndoo. Nilijaribu kuzishika kwa vidole. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa plastiki safi, inayopitisha mwanga.

Nilikaa sakafuni. Mteja akaniita mara mbili kutoka mbele.

Mzee alirudi kesho yake. Alinikuta nimeipanga ile plastiki mezani, nimefungua na kitabu ukurasa ule, kama anayekwenda kujitetea barazani.

"Ulisuuzia nini?"

"Maji ya ziwa."

"Ziwa gani?"

"Hili letu. Kitabu kinasema maji ya bahari yanafaa, na chumvi..."

"Bahari unaiona hapa Singida?"

"Hapana."

"Kule ukingoni, ule weupe, ni chumvi peke yake?"

Ndipo nilipofunga kile kitabu. "Ni magadi pia," nilisema.

"Mama yako maharage magumu huyalainisha kwa nini?"

"Magadi."

"Na mlenda?"

"Magadi, mzee."

"Kwa hiyo umeichukua filamu ya watu ukaipika saa nzima." Akaanza kucheka, akafuta macho kwa kiganja. "Kidato cha sita hicho! Ungemuuliza mwanamke yeyote hapo sokoni angekwambia. Picha za nani, wale wa harusi?"

Nikamwambia ni za nani. Nikamweleza kuhusu mwana wa Tanga, chumba, kaburi, na shoka. Akaacha kucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja, mahali alipokaa yule mama.

Nilikuwa nimeshawaza usiku kucha namna ya kusema. Ningeweza kusema kamera iliingia mwanga. Ningeweza kusema picha imekataa; watu waliamini kuwa kuna picha hukataa, hasa za makaburi, na hakuna ambaye angenilaumu. Hii ya pili ilinivutia na ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Nikamuuliza mzee, tungoje mpaka mama aje mwenyewe siku niliyompangia kuzichukua?

"Atakuja baada ya wiki tatu, amebeba matumaini," alisema. "Ukimwambia siku hiyo utakuwa umemnyang'anya nyumba na hizo wiki tatu pia. Nenda kesho." Akaingia chumba cha giza akatoka na filamu moja. "Hii ndiyo ya mwisho mpaka nyingine zije. Sijui utaipigia nini. Nenda nayo."

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, viwanja vimepangwa mstari mmoja, nyumba nyingi bado nguzo tupu. Mama nilimkuta anakanyaga udongo wa kukandika kuta, yeye na mke wa mwanawe mdogo, miguu imezama mpaka kwenye vifundo. Shemeji alikuwa juu anafunga boriti. Nilimwamkia. Mama aliitikia kwa furaha akaangalia mikono yangu, akatafuta bahasha.

"Mama, sijaja na picha. Zimeharibika zote."

"Zimeharibikaje?"

"Nimeziharibu mimi. Nilizisuuza kwa maji ya ziwa, yakiwa na magadi, zikalainika zikatoka."

Mkwe wake alishika mdomo. "Magadi!" alisema. "Na karanga ulitia?"

Shemeji kule juu akaangua kicheko, boriti ikatikisika. Mama hakucheka. Alitoa mguu mmoja kwenye udongo, kisha mwingine, akajifuta taratibu kwa majani makavu. Akanyoosha mkono kwenye zile nguzo.

"Mwanangu, nyumba yenyewe ndiyo hii hapa. Nguzo hii ilikuwa ya mlangoni. Ile ilikuwa ya chumba chake. Siwezi kuirudisha kule nikakusimamishia tena."

"Najua, mama. Nimekuja kukwambia ukweli, sina kingine."

"Kamera umekuja nayo?"

"Ninayo. Na filamu moja."

"Basi twende kabla sijakasirika vizuri."

Tulitembea karibu saa nzima mpaka mahali pa zamani. Pale nyumbani kulikuwa na kuta za udongo zilizobaki usawa wa kiuno, nyingine zimelala. Miiba ya zizi ilikuwa imeshachukuliwa kwa kuni. Mawe ya kaburi yalikuwepo. Niliyatazama kupitia kamera na nikaona tatizo: kwenye kioo yalionekana kama mawe mengine yote, na Singida mawe ni mengi kuliko watu. Nikasogea, nikachuchumaa, nikarudi nyuma. Kila nilivyofanya, yangeweza kuwa mawe ya mahali popote kuanzia pale hadi Iramba. Nikamwambia.

Akaweka mkono kiunoni.

"Wewe unahangaika na kaburi," alisema. "Kaburi halitembei. Mpige njia."

"Njia?"

"Akishuka kwenye gari atashukia wapi? Pale barabarani, kwenye lile jiwe kubwa lenye ufa. Jiwe lile trekta litaliweza? Twende tukaanzie hapo."

Tukarudi mpaka barabarani. Akasimama mbele ya lile jiwe, wima, akanyoosha mkono wa kulia kuelekea mlimani. Nikapiga. Kisha akatembea kufuata mkono wake mwenyewe, mimi nyuma yake nahesabu hatua, hadi penye jiwe jingine la mgongo mpana. Akasimama, akanyoosha mkono tena.

"Hatua ngapi?"

"Mia mbili na kumi. Za kwako, mama. Zangu zingekuwa chache."

"Andika zako. Yeye ni mrefu, alirithi mapaja ya baba yake."

Nikarudi nikahesabu upya. Kila picha alisimama pale mkono wake ulipokuwa umeelekea kwenye picha iliyotangulia. Alifunga khanga upya kabla ya kila moja na kuninyamazisha nikitaka kupima mwanga mara ya tatu. Tulipofika kwenye kuta akaingia kupitia pale palipokuwa mlango. Hakuruka ukuta ingawa ulikuwa umeanguka. Nilimfuata nami nikapita mlangoni.

"Hapa jiko. Usipige, jiko kila mtu analo." Akageuka kushoto. "Hapa chumba chake. Hapa kitanda. Baba yake alikichonga mwenyewe, hakulala mtu miaka yote ila kuku. Hapa piga."

Akasimama katikati ya udongo uliomwagika kutoka paani, mikono imenyooka ubavuni. Mkono safari hii hakuunyoosha popote. Nikauliza kama aelekeze kaburini.

"Ngoja kwanza," alisema. "Aone chumba."

Nikapiga. Baada ya hapo akanyoosha mkono kuelekea zizini, nikapiga nyingine kutoka pale pale. Ya mwisho alichuchumaa upande wa kichwa cha mumewe, kiganja juu ya jiwe, na nyuma yake, kwa mbali, lile jiwe la mgongo mpana lilionekana. Zilikuwa picha tisa. Zilizobaki tatu aliniambia nizipigie ile ya mwisho tena na tena, "maana wewe nimeshakujua."

Filamu ile niliisuuza kwa maji niliyoteka mwenyewe kisimani, nikipanga foleni na akina mama tangu alfajiri. Habari zilikuwa zimeshafika kule kabla yangu. "Huyu ndiye mpishi wa picha," mmoja alisema, wakanipisha mbele.

Mama alikuja studio siku ya soko. Alizichukua picha tisa akazipanga kwenye benchi moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, akahama nazo polepole kama anayetembea tena. Kwenye ya saba alisimama. Ile ya chumbani. Aliishika muda mrefu, akaifuta na ncha ya khanga ingawa haikuwa na vumbi. "Nyumba imekwenda," alisema, si kwa kunilaumu. Mzee wangu aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Kisha mama akaniambia niandike nyuma ya kila picha yale anayoyasema: hatua ngapi, upande gani, jiwe lipi. Nyuma ya ile ya chumba nikamuuliza niandike nini.

"Andika: hapa ulikuwa unangojwa."

Tukazitia kwenye bahasha, tukaandika anwani ya Tanga. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo niliwaza yote yanayoweza kuipata bahasha njiani. Mvua zikanyesha, mtama ukapandwa, ukakua, na mimi nikawa nimepata barua yangu ya kwenda chuo, zimebaki siku chache nifunge sanduku. Ndipo siku moja mchana mama yule akaingia studio, nyuma yake mwanamume mrefu aliyekaribia kugonga kichwa mlangoni, anayecheka kidogo kwa aibu kama mtu aliyetoka kugombezwa.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Huyu hapa. Muulize amefanya nini."

"Shikamoo kaka. Umefanya nini?"

Yeye aliitikia tu marahaba akamwachia mama yake aseme, na mama alikuwa tayari.

"Mimi nimekaa kijijini, nimepika, nangoja, barua imesema anakuja wiki hii. Nasikia watu wanasema kuna mtu yuko kwenye shamba la kijiji, ndani ya mtama, ana makaratasi mkononi, anahesabu hatua, anarudi, anahesabu tena. Wakadhani ni bwana shamba amekuja kupima. Mwenyekiti akatuma vijana wawili wakamuulize ametumwa na nani. Wakamkuta amekaa chini penye kaburi. Tangu asubuhi! Ameshuka kwenye gari, amepita kwa baba yake kwanza, na mimi niliye hai nangoja na ugali unapoa!"

"Mama, picha zilianzia barabarani," mwanawe alisema. "Nikazifuata."

"Zilianzia barabarani, ndiyo. Ungeziweka mfukoni ukaja kunisalimia."

"Ulikuta kweli?" nilimuuliza. "Mtama haukuficha mawe?"

"Mtama ulikuwa unanizidi kimo," alisema. "Jiwe la pili sikuliona mpaka nilipoligonga kwa goti. Baada ya hapo nilihesabu tu. Hamsini na nane, halafu kushoto." Akatazama kiganja chake. "Kitanda pia nilikipata. Yaani mahali pake."

Mzee wangu alikuwa tayari amewasha taa na kuanza kumuuliza habari za Tanga, za safari, za mkonge. Mama hakumsubiri amalize. Alikwenda akasimama mbele ya pazia, upande wa ndege, akamvuta mwanawe kwa mkono wa shati mpaka wakawa bega kwa bega, na ule mkono wa shati hakuuachia.

"Haya piga," aliniambia, "kabla huyu hajakumbuka mahali pengine pa kupita."